Kijiji Kilichorudi kwa Asilimia

Jumapili moja, saa tatu kasorobo asubuhi, Bwana Djafari alipanga diski nne za kompyuta juu ya meza yake mjini Kabambare, akaanza kuzifunga moja moja kwa vipande vya vitenge vikuukuu vya mke wake mkubwa. Kwa chenye taa alifunga diski namba sifuri. Chenye mawimbi kilikwenda kwa namba moja, chenye ndege wa kijani kwa namba mbili, na chenye funguo kwa namba tatu. Fundi wa Kasongo, binti mmoja aitwaye Chimène, alikuwa amemwambia kwa simu kwamba diski huhesabiwa kuanzia sifuri. Djafari aliona si heshima kumwita wa kwanza sifuri, lakini ufundi haukuwa wake, akafuata.

Alikuwa mkuu wa Ofisi ya Orodha ya Makazi, na ofisi ilikuwa inahamia Kasongo. Ndani ya diski hizo nne iliandikwa kila nyumba ya eneo la Kabambare: jina la mwenyewe, idadi ya vyumba, upande wa jiko, upande wa choo. Mashine iliyokuwa ikizibeba ilikufa baada ya mchwa kuhamia ndani yake bila kujiandikisha. Diski zenyewe zilikuwa nzima, na Kasongo kulikuwa na mashine mpya ikizisubiri.

Nje zilisimama pikipiki nne, kila diski na pikipiki yake. Watu wa huku hawasafiri kama magunia. Baba, mama na watoto hawapandi pikipiki moja hata kama inawatosha, na wakifika mto Luama hawaingii wote mtumbwi mmoja. Nusu wanavuka, nusu wanabaki ng'ambo wakitazama. Likitokea la kutokea, nyumba inabaki na wa kuitaja. Djafari aliziona diski kuwa ni watoto wa mama mmoja, akazigawa hivyo hivyo, na hakuna dereva aliyemuuliza sababu.

Pikipiki ya tano ilikuwa ya Mama Cécilia, na haikuhusika na ofisi.

Mama Cécilia alikuwa muuza mawese, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwenye kicheko kinachofika sokoni kabla yake. Kwa miaka mitatu alikuwa akija dirishani kwa Djafari kila Alhamisi. Alizaliwa Kiselele, kilima kilicho njia ya kwenda Salamabila, ambako baba yake alipanda michikichi sitini na miwili kwa mkono wake. Kisha kampuni ya dhahabu ilikizungushia kilima uzio, watu wakaambiwa washuke, wakashuka. Walinzi wa lango hawakuwa wakali. Walimwambia tu kwamba siku atakapoleta cheti kinachoonyesha kuwa nyumba yao iko Kiselele, atapita kwenda kuvuna michikichi ya baba yake. Bila cheti, hapana. Cheti kilitoka kwa Djafari, na kila Alhamisi Djafari aliangalia kwenye mashine.

"Kilima iko tupu, mama," alimwambia. "Hakuna nyumba hata moja."

"Basi nitarudia Alhamisi ingine, shefu."

Kisha Djafari alimmiminia chai ya tangawizi, akatia sukari vijiko vinne. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kupewa chai katika dirisha lile, wala hata maji.

Ofisi ilipotangaza kuhama, Cécilia naye alifunga madumu yake. "Alhamisi yangu inaenda Kasongo," alisema. "Mimi nibakie Kabambare nifanye nini?"

Safari ilikwenda vizuri hadi Luama. Diski namba mbili ilibebwa na Sumaili, dereva aliyejulikana njia nzima kwa kuvuka mito akiimba. Alipotua ng'ambo aliteleza kwenye tope la ukingo, mkoba ukafunguka, diski ikaingia majini. Ilielea kidogo, jambo ambalo diski haifanyi, ikazunguka mara moja, ikaenda zake kuelekea Lualaba. Ndege wa kijani walitoka kwenye kitenge kabla hakijalowa vizuri, wakatua kwenye matete. Sumaili aliwahesabu ili aweze kutoa ripoti. Walikuwa kumi na mmoja.

Alifika Kasongo kesho yake na kuku jike kwapani, kwa sababu habari mbaya haipelekwi mikono mitupu.

"Shefu, nakuomba pole," alisema. "Namba mbili imeenda na maji. Hii kuku ni yako."

Djafari alikaa chini juu ya ngazi za ofisi. Ilikuwa nyumba ya zamani ya matofali yenye uwanja mkubwa, mlingoti wa bendera na mparachichi mmoja. Chimène alitoka ndani akiwa na bisibisi sikioni, kama maseremala wanavyoweka penseli. Alikuwa mtoto wa Kasongo, aliyesomea ufundi Bukavu na kurudi, jambo ambalo mama zake wadogo walikuwa bado wanalijadili.

"Papa Djafari, usilie," alisema. "Mumoja tu ndiye amepotea. Hizi diski ni kundi. Kila moja inabeba habari yake, na inabeba pia kipande cha hesabu ya wenzake. Mumoja akipotea, wale watatu wanakaa, wanaulizana, wanamutengeneza upya."

"Na wakipotea wawili?"

"Wakipotea wawili tunaita watu kwa matanga."

"Ni kama familia," alisema Djafari.

"Ni kama familia, lakini hawa wanasikilizana."

Heri nusu shari kuliko shari kamili. Djafari alimpokea kuku, akamfunga mguu kwenye mparachichi, wakaingia ndani.

Chimène alichomeka diski tatu mahali pake, taa, mawimbi na funguo, na katika nafasi namba mbili akachomeka diski mpya aliyokuwa nayo akiba. Aliwasha mashine. Kabla haijaamka sawasawa alibonyeza vitufe viwili kwa pamoja, na badala ya picha ya kawaida ikatokea skrini ya buluu yenye maandishi meupe. Hapo, alieleza, si kwenye kompyuta bado. Hapo ni kwa kidhibiti, yule anayezisimamia diski, na huongea Kiingereza tupu. Alimtafsiria Djafari mstari kwa mstari.

"Inasema imeona diski za kigeni, zenye mpango wa masini ingine. Inauliza iwapokee ao iwafute."

Djafari alichukia kwa niaba ya Kabambare nzima. "Mugeni anafika na vumbi yake, unamuuliza kama umufute? Hii masini ililelewa wapi? Mgeni njoo, mwenyeji apone. Bonyeza kupokea."

Chimène alibonyeza kupokea. Kidhibiti kikasema kundi liko hai lakini limepungua. Akaenda kwenye diski mpya, akaipa kazi ya aliyepotea, akaamuru kazi ya kujenga upya ianze. Mstari mmoja mwekundu wa onyo kuhusu hesabu ulibaki chini ya skrini, akausoma mwenyewe kwanza.

"Papa Djafari, kule Kabambare betri ya kidhibiti ilikuwa nzima?"

"Ilikufa zamani."

"Na hesabu mulikuwa munazikagua, kama ziko sawa na habari?"

"Kila kitu tulikagua," alisema Djafari, akitazama dirishani kumwangalia kuku.

Umeme wa ofisi ulitoka juani kupitia paneli sita, na ulitosha saa nne kwa siku. Chimène alipiga hesabu kwenye kiganja, akasema itachukua siku tisa. Hakuna aliyelalamika. Haba na haba hujaza kibaba, na Kasongo hakuna aliyewahi kumaliza jambo kwa siku nane.

Siku ya kwanza, ilipofika asilimia tano, mafiga matatu yalitokea uwanjani karibu na mlingoti. Djafari aliyaona alipotoka kutawadha. Alimwita Sumaili, ambaye alikuwa bado anazungukazunguka pale akisubiri kusamehewa rasmi, akamuuliza kama ni yeye aliyeyaweka. Sumaili alisema hapana, akayagusa. Yalikuwa na vuguvugu.

Siku ya pili, asilimia kumi na tano, ukuta wa udongo ulikuwa umesimama kuyazunguka, kisha ukuta wa pili, kisha mlango wa mbao uliopakwa buluu. Paa halikuwepo bado. Mbele yake ilianza nyumba ya pili, na nyuma ya choo cha ofisi ilionekana pembe ya nyumba ya tatu. Djafari alibandika tangazo kwamba wenye pikipiki waziegeshe kwa jirani hadi hapo watakapojulishwa. Wananchi walisoma, wakaegesha kwa jirani. Jirani ndiye pekee aliyenung'unika.

Alhamisi ilipofika, Mama Cécilia alikuja na kitenge chake kizuri kama kawaida yake. Alisimama mbele ya mlango wa buluu, akainama kuutazama upande wa chini. Palikuwa na mikato sita ya kisu, kila mmoja juu ya mwenzake.

"Huu mulango ni wetu," alisema. "Hapa mama yangu alikuwa ananipima urefu."

Aliingia, akakaa ndani kwa muda wa kutosha kuangalia vyumba viwili. Alipotoka alikuwa anacheka, na machozi yalikuwa yanateremka wakati huo huo. Hakuona haja ya kuchagua kimoja. "Hata jiko iko upande wake," alimwambia Sumaili. Kisha akaenda dirishani akapanga foleni, maana palikuwa na watu wawili mbele yake.

Djafari aliangalia skrini. "Asilimia thelathini na nane, mama. Bado."

"Basi nitarudia Alhamisi ingine, shefu."

Alimmiminia chai. Safari hii sukari ilifika vijiko vitano.

Chimène hakuwa mtu wa kushangaa, lakini alikuwa fundi, na fundi hapendi kitu kifanye kazi bila sababu. Ijumaa, Djafari alipotoka msikitini, alimkuta amekaa kwenye kizingiti cha nyumba ya buluu akimsaidia Cécilia kumenya maharagwe.

"Papa Djafari, hizi nyumba za Kiselele zilikuwa ndani ya orodha," alisema. "Mutu alizifuta. Nataka kujua alizifuta siku gani."

Djafari alivua kofia yake, akaishika mikononi. Angeweza kusema hajui. Alitazama ule mlango wenye mikato sita, akaona uongo utamshinda uzito.

"Siku ya Jumanne, saa nane ya mchana," alisema. "Ilikuja barua kutoka juu. Ilisema kilima lazima ionekane tupu kabla ya kampuni kuingia. Nilizifuta mimi, nyumba ishirini na tatu. Nilipobonyeza ile ya mwisho, umeme ulikatika."

"Na betri ya kidhibiti ilikuwa imekufa."

"Ndiyo."

"Basi habari ulifuta," alisema Chimène, akiridhika kama mtu aliyepata uzi wa kushonea, "lakini hesabu haukuifuta. Haikupata nafasi ya kuandikwa. Ilibakia vile ilikuwa kabla ya Jumanne. Sasa namba mbili inajengwa kutoka kwa hesabu, si kutoka kwa barua yako."

Djafari alikuwa na aibu kiasi kwamba masikio yalimwasha. Cécilia aliendelea kumenya.

"Mimi nilijua tangu Alhamisi ya kwanza," alisema. "Mutu mwenye roho nzuri anakupa chai. Lakini vijiko vine vya sukari? Ile haiko roho nzuri, shefu. Ile ni roho inauma."

"Na ulikuwa unakunywa?"

"Chai ilikuwa tamu."

Siku zilizofuata nyumba ziliongezeka kwa utaratibu. Asilimia hamsini na mbili zilileta mapaa ya nyasi, sitini zilileta vitanda vya fito na mitungi, sabini zilileta mbuzi wanne walioandikwa mwaka fulani na karani mwenye bidii kupita kiasi. Habari ilifika Kabambare, ikafika Nyangwe, ikafika hata mashimoni Salamabila, na watu wa Kiselele waliokuwa wametawanyika walianza kushuka kwenye pikipiki mbele ya ofisi, familia moja kwenye pikipiki tatu. Kila mmoja aliutambua mlango wake, akaufungua, akafagia. Siku mbili walikuwa wageni. Siku ya tatu Djafari, aliyeheshimu methali, aliwagawia majembe, wakapanda mihogo kuzunguka mlingoti. Bendera ilipandishwa kila asubuhi katikati ya shamba, na ilipendeza zaidi kuliko zamani. Ndege kumi na mmoja wa kijani nao walifika kutoka Luama wakakaa kwenye mapaa. Sumaili aliwahesabu tena, akawakuta wametimia, akaona amesamehewa.

Siku ya nane, asilimia tisini na moja, Mzee Bruno alitoka katika nyumba yenye mlango wa buluu na kiti chake cha kamba, akakaa juani, akaomba moto wa kiko.

Mzee Bruno alikuwa baba yake Cécilia. Alikufa miaka miwili iliyopita katika nyumba ya kupanga Kabambare, akazikwa vizuri, na misa ilisomwa. Lakini kifo chake hakikuandikwa popote, kwa kuwa Cécilia alipokwenda kukiandikisha aliambiwa mtu huyo hayumo katika orodha, na asiyekuwemo hawezi kufa. Kwa hiyo mashine ilimrudisha kama alivyokuwa kabla ya Jumanne ile, na koti lake la kahawia.

"Papa, umeamuka?" alisema Cécilia.

"Nimeamuka." Mzee alivuta kiko chake, akatazama upande wa mashariki, juu ya ukuta wa ofisi, kisha akatazama upande wa magharibi. "Cécilia. Michikichi yangu iko wapi?"

Michikichi haikuwepo. Chimène aliitafuta asubuhi nzima, ndani ya orodha na ndani ya skrini ya buluu, menyu hadi menyu. Mwishowe alikuta sababu katika fomu ya zamani. Ilikuwa na kisanduku cha vyumba, cha jiko, cha choo na cha mifugo. Haikuwa na kisanduku cha miti. Kitu ambacho hakikuandikwa, hesabu haina pa kukirudishia.

"Iko kule kule, papa," alisema Cécilia. "Haikuhama. Nikipata cheti tutaenda kuvuna."

"Upesi," alisema Mzee Bruno. "Matunda yakiiva sana yanaanguka, yanakuliwa na panya bure."

Kila siku baada ya hapo alimwuliza swali hilo mara moja, wakati wa kuvuta kiko, na kila mara Cécilia alimjibu vilevile. Alikuwa na baba, mlango na mafiga. Alichotaka bado kilikuwa kile kile kimoja, kuingia katika lango la Kiselele akiwa na kikapu. Sasa zaidi, kwa kuwa kulikuwa na mtu anayemsubiri.

Siku ya tisa kazi ilimalizika. Kundi likarudi kuwa kamili, taa nne za kijani zikawaka, na Chimène akaweka betri mpya, maana hakupenda kuacha kazi ina kasoro. Siku hiyo hiyo ilifika barua kutoka juu. Ilikuwa fupi. Ilimwagiza Bwana Djafari afute tena.

Djafari alifunga mlango, akakaa peke yake mbele ya mashine. Alijua sasa jambo ambalo hakulijua Jumanne ile. Betri ilikuwa nzima. Akifuta leo, itafutika habari na hesabu pamoja, na hakuna mto wala fundi atakayeirudisha. Aliziteua nyumba ishirini na tatu. Mashine ikamwuliza kama ana hakika. Alikuwa na wake wawili na mtoto chuoni Kindu, na miaka minne imebaki kabla ya kustaafu. Alinyoosha kidole.

"Mwanangu Djafari!" sauti ya Mzee Bruno ilipita dirishani. "Njoo tukule! Mahindi imeiva, utakula ya baridi?"

Kidole kilibaki hewani. Djafari aliona haiwezekani kumfuta mtu anayekuitia mahindi. Alizima skrini, akatoka, akakaa kwenye mkeka, akala mahindi mawili, na alijisikia mwepesi kama mtu aliyetua mzigo wa chumvi. Barua aliikunja akaitandika chini ya sufuria iliyoepuliwa, mbali na moto, isiungue kabla hajaamua.

Hakulazimika kuamua. Jumatatu alifika mjumbe kutoka juu, Bwana Gérard, na utepe wa kupimia na viatu visivyo na vumbi. Djafari alimngoja mlangoni. Bwana Gérard aliuzunguka uwanja wote. Alipima nyumba ishirini na tatu, urefu na upana, akabisha hodi kila mlango, akauliza majina, akayalinganisha na orodha. Alimpa mkono Mzee Bruno, akamwuliza afya. Mzee alisema hajambo, ni michikichi tu. Bwana Gérard akaandika.

"Nimefurahi sana," alisema mwishoni, akifuta jasho. "Kazi safi. Kila nyumba iko ndani ya orodha, na kila yenye iko ndani ya orodha iko hapa. Mimi sijawahi kuona biro ya serikali yenye mambo yake inalingana hivi."

"Na ile barua, shefu?" aliuliza Djafari.

"Ya kufuta? Hakuna sababu tena ya kufuta. Watu wa Kiselele wanakaa wapi?"

Djafari alitazama uwanja. Moshi ulikuwa unatoka katika mapaa, mbuzi mmoja alikuwa amelala kwenye ngazi za ofisi. "Wanakaa hapa."

"Basi andika hapa."

Djafari aliandika hapa. Safari hii umeme haukukatika, betri ilikuwa nzima, na hesabu ilisahihishwa papo hapo katika diski zote nne. Kitu kilichomuuma zaidi, na alikisema mwenyewe baadaye kwa Chimène, ni kwamba alipokuwa anaandika alifurahi. Alifurahi kwamba hakuambiwa afute.

Bwana Gérard alisaini vyeti ishirini na vitatu kwa mkono wake, akavitoa mbele ya watu wote, na watu wakapiga vigelegele, kwa sababu cheti ni cheti. Cécilia alisoma chake mara mbili. Jina la baba yake lilikuwa sahihi, na herufi zake zote. Vyumba viwili, sahihi. Mlango wa buluu, jiko upande wa kushoto, mafiga matatu, sahihi. Mahali: Uwanja wa Ofisi, Kasongo.

"Na Kiselele?" aliuliza.

"Kiselele iko tupu, mama," alisema Bwana Gérard kwa upole. "Nyinyi wote muko hapa." Akapanda pikipiki yake, na ya pili yake ikabeba begi.

Chimène alipata wazo. Kama nyumba zilitokea pale mashine ilipo, basi mashine ibebwe hadi kilimani, nyumba zitaifuata. Sumaili alijitolea kuibeba bure, na akaapa kutoimba akivuka Luama. Walikwenda hadi kwenye uzio, yeye, Chimène na Cécilia, na diski nne kwenye pikipiki nne. Walinzi waliwapokea vizuri. Waliomba cheti cha mkaazi, wakakisoma, wakakirudisha kwa mikono miwili.

"Hii ni ya Kasongo, mama," walisema. "Leta ya Kiselele."

Nyuma yao, ndani ya uzio, michikichi sitini na miwili ilikuwa imeelemewa, na chini ya kila mmoja matunda mekundu yalikuwa yametapakaa yakioza. Cécilia aliyahesabu kwa macho mashina aliyoweza kuyaona. Kisha waligeuza pikipiki, kwa sababu njia ni mbaya na jua lilikuwa linatua.

Kijiji kipo pale hadi leo, na ukipita Kasongo utakikuta. Mihogo ya mlingotini imevunwa mara moja na kupandwa tena. Mtoto amezaliwa katika nyumba ya tano, akaandikishwa siku ile ile bila foleni. Chimène huja mwanzo wa mwezi kukagua hesabu, hubonyeza vitufe vyake viwili, hutazama skrini ya buluu, na taa zote ni za kijani. Kidhibiti kinasema hakuna kinachokosekana.

Mzee Bruno huota jua, huvuta kiko, huuliza mara moja kwa siku.

Na kila Alhamisi Mama Cécilia huvaa kitenge chake kizuri, hufunga mlango wa buluu, hutembea hatua arobaini hadi dirishani, hupanga foleni. Djafari humuuliza amekuja kwa ajili gani, kwa kuwa ndio utaratibu.

"Kiselele," husema Cécilia.

Djafari huangalia kwenye mashine, kwa makini, kuanzia juu hadi chini. "Kilima iko tupu, mama," husema, na huvuta birika.